Tundu Nchani

Miaka arobaini na miwili nimeshona mavazi ya kanivali
hapa Montevideo, mtaa wa Palermo:
shanga, lesi, mabega mapana ya satini
kwa wapiga ngoma na wachekeshaji wa Februari.
Sindano naijua. Imenichoma, nikanyonya kidole, nikaendelea.
Lakini hii aliyonipa daktari Etchegaray
tundu lake liko nchani, si kisogoni,
na badala ya uzi inapitisha maji.

“Vuta ngozi ya shingo,” alisema, “iinuke kama hema.
Ingiza mlangoni mwa hema. Usifikiri sana.”
Kufikiri ndiko kunakotetemesha mkono.

Jina lake Serrucho, yaani msumeno,
kwa mkoromo wake. Ana miaka kumi na saba,
kilo tatu kasoro; zamani tano na nusu.
Figo zimechoka kubana.
Anakunywa beseni, anakojoa beseni,
pumzi yake inanuka shaba.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Wahenga hawakuwa na paka huyu.
Mimi nayazoa kila jioni, mililita mia,
nayarudisha kwa mlango wa nyuma.

Mfuko nauogesha kwanza ndani ya sufuria,
kwa maji yaliyobaki ya chai yetu chungu ya kibuyu,
naupima kwenye kifundo cha mkono kama chupa ya mtoto,
nautundika kwenye ndoano iliyobeba joho la mfalme
mwaka ule tuliposhinda.
Nafungua kigurudumu.
Do.
Do. Do.
Kitambaa gani hiki kinachohema?
Kina joto, kina mbavu, kinanitazama.

Jumanne nilikosea.
Sindano iliingia huku ikatokea kule,
maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko,
na mimi, fundi wa mshono usioonekana,
nikakaa sakafuni nikamtukana marehemu mume wangu
aliyemleta mnyama huyu ndani ya kofia
kisha akatangulia yeye.
Serrucho hakukimbia.
Aliulamba mkono wangu, akakunja uso kwa ile chumvi.

Wáshington wa ghorofa ya chini husema: ni paka tu, Nélida.
Na kanivali ni vitambaa tu, namjibu,
na wewe hulia kila mwaka kwaya inapoaga.
Anashuka ngazi kwa hasira.
Kesho yake anapanda, anashika miguu ya mbele,
uso kaugeuzia ukutani asione sindano,
mwanamume aliyefanya kazi machinjioni miaka thelathini.

Nimechora mistari kwenye mfuko kwa chaki ya fundi.
Maji yakifika mstari, nafunga.
Nachomoa, nabana kitundu kwa vidole viwili,
nahesabu polepole.
Nundu inabaki begani, ngamia asiye na jangwa,
kisha inateremka taratibu hadi kwapani,
naye anatembea upande upande
kama vazi nililolikosea vipimo
nikaona aibu kulikabidhi.
Anakwenda wapi? Kwenye beseni. Kunywa.
Lakini usiku ule, baada ya siku nne za kugeuzia sahani mgongo,
alikula nusu ya samaki wa kopo,
na msumeno ukaanza kukata mbao gizani.

Sijidanganyi. Daktari hakusema atapona.
Alisema atajisikia nafuu, kwa muda.
Muda gani?
Akaitazama karatasi ya damu, akamtazama paka,
akasema, “Nunua mifuko miwili.”

Nilinunua sanduku zima. Kumi na miwili.
Kijana wa duka la dawa, kalamu mkononi,
akauliza mgonjwa anaitwa nani.
Serrucho, nikasema.
Na jina la ukoo?
Nikamtajia langu.